Ujira wa Haki katika Ujenzi wa Umma: Somo la Hesabu na Uraia kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi aghalabu hukiona chumba chake cha darasa kikijengwa. Hushuhudia msingi ukichimbwa, matofali yakipangwa na bati likipigiliwa, na mara nyingi hutakiwa kuwa katibu wa kamati ya ujenzi, au mtunza stoo, au mwandishi wa daftari la mahudhurio ya mafundi. Mwaka 2021, kwa mfano, Serikali ya Tanzania ilitenga sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kujenga vyumba vya madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hivyo vilikuwa vya shule shikizi. Shule nyingi zimejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe hununua vifaa na kuwaajiri mafundi wa mahali badala ya kumkabidhi mkandarasi kazi yote. Kwa hiyo mwalimu aliyehitimu juzi aweza kujikuta leo anawalipa watu ujira kwa fedha za umma, ilhali chuoni hakupata kufundishwa neno lolote juu ya jambo hilo.

Katika makala haya tumekusudia mambo mawili. La kwanza ni kumweleza mwanachuo maana ya kanuni iitwayo ujira ulioenea, ambayo nchi mbalimbali huitumia katika ujenzi unaolipiwa na Serikali. La pili ni kuonyesha jinsi kanuni hiyo inavyoweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa njia ya hesabu za asilimia na wastani. Mfano wetu mkubwa tumeutoa Marekani, kwa kuwa huko kanuni hii imeandikwa kwa namna ya hesabu iliyo wazi kiasi cha kufaa kuandikwa ubaoni.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Mwalimu asiyelijua jambo kwa undani hulifundisha kwa woga. Tuanze basi na historia.

Serikali inapotaka kujenga hospitali, barabara au shule hutangaza zabuni, na mara nyingi aliyetaja bei ndogo ndiye apewaye kazi. Bei hiyo yaweza kupungua kwa njia mbili. Mkandarasi aweza kupanga kazi yake vizuri, akatumia siku chache na kuepuka kupoteza saruji. Au aweza kuwapunja vibarua wake. Kwa mtu anayesoma bei peke yake njia hizi mbili hazitofautiani, lakini kwa fundi na jamaa zake tofauti ni kubwa mno.

Tatizo hili lilitambuliwa zamani. Mwaka 1891 jimbo la Kansas nchini Marekani lilitunga sheria iliyotaka watu wanaofanya kazi za umma walipwe ujira wa kawaida wa mahali pale. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha azimio la ujira wa haki kwa kazi zilizotolewa na Serikali. Azimio hilo lilirekebishwa mwaka 1946, na likafutwa mwaka 1983.

Sheria inayojulikana zaidi ni ile ya Davis na Bacon, iliyotiwa sahihi na Rais Herbert Hoover tarehe 3 Machi 1931. Imeitwa kwa majina ya wabunge wawili, Seneta James J. Davis wa Pennsylvania na Robert L. Bacon wa New York. Bacon alianza kulishughulikia jambo hili mwaka 1927, baada ya mkandarasi kutoka Alabama kushinda zabuni ya kujenga hospitali ya askari wastaafu katika jimbo lake la uchaguzi, akaja na wafanyakazi wa kutoka Kusini waliolipwa ujira mdogo kuliko wa mahali pale. Mwanzoni sheria ilihusu mikataba iliyozidi dola 5,000. Mwaka 1935 kiwango hicho kilishushwa hadi dola 2,000, na ikaamriwa kwamba ujira wa kila aina ya kazi utangazwe kabla ya zabuni kufunguliwa, ili kila mkandarasi ajue mapema atakachowalipa watu wake. Mwaka 1934 ilitungwa sheria nyingine, iitwayo ya Copeland, inayomkataza mtu yeyote kumshurutisha mfanyakazi arudishe sehemu ya ujira aliokwisha kulipwa. Tangu mwaka 1964 marupurupu, kama vile bima ya afya na akiba ya uzeeni, huhesabiwa pamoja na ujira wa msingi.

Yafaa mwanachuo ajue pia kwamba sheria hii ina wapinzani. Wako wanaosema kwamba inaongeza gharama za ujenzi, na kwamba fedha ileile ingeweza kujenga vyumba vingi zaidi. Wako pia wanaokumbusha kwamba wakati wa mjadala baadhi ya wabunge walitamka maneno ya kuwabagua wafanyakazi Weusi wa Kusini, na kwamba vyama vingi vya mafundi vya siku hizo viliwafungia Weusi mlango. Wanaoitetea hujibu kwamba leo kiwango kilichotangazwa humlinda fundi wa kila rangi, na kwamba fedha ya umma haistahili kutumiwa kuushusha ujira wa mahali. Mwalimu mwaminifu huzileta hoja zote mbili mbele ya wanafunzi wake.

Sisi wa Afrika Mashariki jambo hili linatuhusu. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 94 juu ya masharti ya kazi katika mikataba ya umma. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Marekani haikuuridhia, nayo hutumia sheria yake yenyewe. Mkataba huo unataka mfanyakazi wa mkandarasi wa Serikali asilipwe pungufu ya ujira uliowekwa kwa kazi ya aina ileile mahali palepale, iwe umewekwa kwa mapatano ya hiari, kwa uamuzi wa usuluhishi, au kwa sheria. Unataka pia masharti hayo yabandikwe mahali pa kazi yaonekane, kumbukumbu za saa na malipo zitunzwe, na malipo ya mkandarasi mkaidi yaweze kuzuiwa mpaka wafanyakazi wapate haki yao.

Hapa pana maneno mawili ambayo wanachuo huyachanganya. Kima cha chini ni sakafu: ni kiasi ambacho mtu yeyote haruhusiwi kulipa pungufu yake. Nchini Tanzania hutangazwa na Waziri kwa amri ya mishahara, kwa kila sekta, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Ujira ulioenea ni kitu kingine: ni kile ambacho waashi, maseremala au mafundi bomba wa mahali fulani hulipwa kwa kawaida. Ujira huo waweza kuwa juu ya sakafu kwa kiasi kikubwa.

Hesabu ya ujira ulioenea

Ofisi ya kazi ya Marekani hukusanya habari za malipo ya mahali, ikaziangalia kwa hatua tatu:

1. Ikiwa zaidi ya nusu ya mafundi wa aina moja wanalipwa kiwango kimoja, hicho ndicho ujira ulioenea.
2. Ikiwa hakuna kiwango kilichozidi nusu, hutazamwa kile kinacholipwa kwa watu wengi kuliko vingine. Kikifikia asilimia 30 ya mafundi, hicho ndicho.
3. Ikiwa hata asilimia 30 haikufikiwa, hutafutwa wastani wa malipo ya mafundi wote.

Hatua ya pili ina historia yake. Ilitumika tangu mwaka 1935, ikaondolewa na kanuni zilizoanza kutumika mwaka 1983, na ikarudishwa na kanuni za mwaka 2023. Tutaona punde kwamba mabadiliko hayo, yanayoonekana madogo katika karatasi, huugusa mfuko wa fundi.

Madhumuni ya somo

Baada ya vipindi vitatu mwanafunzi aweze:
(a) kutafuta asilimia ya kundi katika jumla ya watu;
(b) kutafuta wastani pale ambapo makundi hayalingani kwa idadi;
(c) kueleza kwa maneno yake tofauti baina ya kima cha chini na ujira ulioenea;
(d) kusoma na kujaza orodha ya malipo kwa usahihi.

Vifaa

Vifaa ni rahisi kupatikana: vijiwe 20 au vifuniko vya chupa kwa kila kundi la wanafunzi, vipande vya karatasi vya kuandikia viwango, na karatasi kubwa moja iliyochorwa orodha ya malipo. Viwango tutakavyovitumia hapa chini tumevibuni kwa ajili ya hesabu tu. Si viwango vya Serikali yoyote, na mwalimu awaambie hivyo wanafunzi tangu mwanzo.

Kipindi cha kwanza: kuingia katika somo

Tunashauri mwalimu asianze na sheria. Aanze na swali ambalo kila mtoto aweza kulijibu: "Mama yako akitaka kujengewa banda la kuku, atajuaje malipo ya fundi?" Wanafunzi watasema, "Atauliza majirani." Jibu hilo ni sahihi, na ndilo msingi wa somo lote, kwa maana ujira ulioenea ni kuuliza majirani kwa utaratibu na kwa hesabu.

Kisha mwalimu alete habari ya wakandarasi watatu wanaoomba kujenga darasa moja. Wote watatumia vifaa vya shilingi 15,000,000.

Mkandarasi wa kwanza atatumia siku-kazi 200 kwa shilingi 25,000 kila moja. Ujira ni 5,000,000 na bei yake ni 20,000,000.
Wa pili atatumia siku-kazi 200 kwa shilingi 18,000. Ujira ni 3,600,000 na bei yake ni 18,600,000.
Wa tatu amepanga kazi vizuri; atatumia siku-kazi 160 kwa shilingi 25,000. Ujira ni 4,000,000 na bei yake ni 19,000,000.

Waulizwe: nani atapata kazi? Watajibu kwamba ni wa pili. Waulizwe tena: ile 1,400,000 iliyopungua kati ya wa kwanza na wa pili imetoka wapi? Wapige hesabu wenyewe: 200 mara 7,000. Yote imetoka mifukoni mwa mafundi, wala hakuna tofali moja lililookolewa. Sasa mwalimu aweke kanuni kwamba ujira wa mahali hapo ni 25,000 na hapana ruhusa kulipa pungufu. Bei ya mkandarasi wa pili itapanda hadi 20,000,000, na wa tatu ndiye atakayeshinda kwa 19,000,000. Wanafunzi watakuwa wamegundua wenyewe kusudi la kanuni: wakandarasi washindane kwa akili na kwa mpango wa kazi, wasishindane kwa kuwapunja watu.

Mwanafunzi mwerevu atasema kwamba umma ungeokoa 400,000 zaidi kwa mkandarasi wa pili. Asikemewe, maana hiyo ndiyo hoja ya wapinzani wa sheria, naye ameifikia kwa akili yake. Darasa lijadili.

Kipindi cha pili: vijiwe ishirini

Kila kundi lipange vijiwe vyake 20 vikiwa mfano wa waashi 20 wa mahali pamoja.

Mfano wa kwanza: waashi 11 hulipwa 25,000 kwa siku, 5 hulipwa 30,000, na 4 hulipwa 20,000. Kumi na mmoja katika ishirini ni asilimia 55. Imezidi nusu, kwa hiyo ujira ulioenea ni 25,000.

Mfano wa pili: waashi 7 hulipwa 30,000, 5 hulipwa 25,000, 4 hulipwa 22,000, na 4 hulipwa 20,000. Kundi kubwa ni la watu 7, yaani asilimia 35. Halikufikia nusu, lakini limepita 30, kwa hiyo ujira ulioenea ni 30,000.

Sasa tuondoe hatua ya pili, kama ilivyokuwa huko Marekani baada ya mwaka 1983. Itabidi tutafute wastani:

7 × 30,000 = 210,000
5 × 25,000 = 125,000
4 × 22,000 = 88,000
4 × 20,000 = 80,000
Jumla = 503,000
503,000 ÷ 20 = 25,150

Waashi ni walewale na malipo yao ni yaleyale, ila kanuni imebadilika. Tofauti ni shilingi 4,850 kwa siku moja, au 29,100 kwa wiki ya siku sita. Mwalimu anyamaze kidogo hapa, awaache wanafunzi waitazame tofauti hiyo. Wataelewa kwamba anayechagua namna ya kupiga hesabu ana uwezo mkubwa, na kwamba raia asiyejua wastani ni nini hawezi kumuuliza swali.

Mfano wa tatu: waashi 5 hulipwa 28,000, 5 hulipwa 24,000, 5 hulipwa 20,000, na 5 hulipwa 18,000. Kila kundi ni asilimia 25 tu. Wastani ni 450,000 ÷ 20, yaani 22,500. Hapa watoto wengi hustaajabu, kwa kuwa katika waashi wote 20 hakuna hata mmoja anayelipwa 22,500. Ni nafasi njema ya kueleza kwamba wastani ni kipimo tu, si lazima awepo mtu anayelingana nacho.

Kipindi cha tatu: orodha ya malipo

Kanuni nzuri bila kumbukumbu haimsaidii mtu. Nchini Marekani mkandarasi wa kazi hizi hulipa kila wiki na kupeleka orodha ya malipo, akithibitisha kwa sahihi yake kwamba ni ya kweli. Nchini Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka malipo yaambatane na maelezo ya maandishi. Inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki. Na saa za ziada zilipwe si pungufu ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi.

Mwalimu achore ubaoni orodha yenye safu hizi: jina, aina ya kazi, siku au saa, kiwango, jumla, makato na sababu yake, kiasi kilichopokelewa mkononi, sahihi au dole gumba. Wanafunzi wajaze kwa mifano. Mmoja wapo: mwashi amefanya saa 50 katika wiki, kwa 2,400 kila saa. Saa 45 ni 108,000. Saa 5 za ziada, kwa 3,600 kila moja, ni 18,000. Jumla ni 126,000.

Aongezwe pia mfano wa mtu mwenye kazi mbili, aliyekuwa saidia fundi kwa siku 4 na mwashi kwa siku 2. Alipwe kila kazi kwa kiwango chake, mradi siku zimeandikwa. Zisipoandikwa, nani ataamua?

Jambo lililotokea darasani

Tulilijaribu somo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja iliyokuwa ikijenga vyumba viwili. Mwanachuo wetu alikuwa amefika kwenye safu ya "kiasi kilichopokelewa mkononi" ndipo mtoto mmoja aliyeketi nyuma alipoinua mkono na kusema, "Mwalimu, baba yangu huweka dole gumba kwenye elfu ishirini, lakini hupewa elfu kumi na tano."

Darasa zima likanyamaza. Baba huyo alikuwa pale nje, akibeba zege. Mwanachuo aliduwaa, kisha akasema, "Hayo tuyaache, tuendelee na hesabu," akafuta ubao.

Tulipokaa naye jioni hatukumlaumu, kwa maana sisi wakufunzi hatukuwa tumemwandaa kwa swali hilo. Lakini tulimwomba apige hesabu ambayo mtoto yule aliomba ipigwe. Siku sita kwa 20,000 ni 120,000. Siku sita kwa 15,000 ni 90,000. Zinapotea 30,000 kila wiki, na baada ya wiki nne 120,000, ambayo ni wiki nzima ya kubeba zege bila malipo. Mwanachuo aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akatuuliza afanye nini.

Tulishauriana mambo manne, nayo tunayaweka hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, mtoto alindwe. Maneno yake yasirudiwe kwa mtu yeyote pamoja na jina lake, wala asiitwe ofisini kutoa ushahidi. Kibarua aliyesemwa aweza kuachishwa kazi siku hiyohiyo.

Pili, mwalimu si mkaguzi wala hakimu. Hajui fedha hiyo ilipotea mkononi mwa nani, na akimtaja mtu kwa kukisia atakuwa amefanya dhuluma nyingine. Maofisa Kazi wapo, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo; wajibu wa mwalimu ni kujua kwamba wapo na kumwelekeza mtu mzima anayetaka kwenda huko.

Tatu, swali la mtoto lijibiwe. Kesho yake mwanachuo alirudi darasani, akasema kwamba jana alifuta ubao mapema mno. Hakumtaja mtoto. Alieleza kwamba mtu haweki sahihi wala dole gumba juu ya kiasi asichokipokea, na kwamba karatasi iliyowekwa dole gumba humshuhudilia yule aliyeiandika. Kisha wakaipiga hesabu ile, wakitumia jina la kubuni.

Nne, mlango wa kosa ufungwe bila kumtafuta mkosaji hadharani. Mwanachuo alimpelekea mwalimu mkuu ile orodha ya safu nane, akisema ni kazi ya darasa na yaweza kuifaa kamati. Mwalimu mkuu aliisoma, hakuuliza neno. Wiki iliyofuata viwango vya kila kazi viliandikwa kwenye ubao uliosimamishwa karibu na rundo la mchanga, na malipo yakaanza kutolewa mchana, mbele ya wajumbe wawili wa kamati.

Tungependa kuandika kwamba baba yule alirudishiwa fedha zake za nyuma. Hakurudishiwa. Hata hivyo, tangu Jumamosi ile alipokea mkononi kile alichokiwekea dole gumba, na mwanawe alitusomea ubao ule kwa sauti, mstari baada ya mstari, tulipokwenda kuaga.

Makosa ya kujihadhari nayo

Kosa la kwanza ni la hesabu. Katika mfano wa pili wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wanachuo, hujumlisha viwango vinne na kugawanya kwa nne: 97,000 ÷ 4 = 24,250. Jibu hilo si sahihi, kwa kuwa limewahesabu watu 7 sawa na watu 4. Mwalimu awarudishe kwenye vijiwe: je, mko wanne au ishirini? Tena ajue kwamba mfano wa tatu hulificha kosa hili, maana makundi yake yanalingana na jibu hutoka 22,500 kwa njia zote mbili. Kwa hiyo mfano wa tatu usitangulie wa pili.

Kosa la pili ni kuligeuza somo kuwa hotuba. Wakandarasi wote si wezi, na vibarua wote si malaika. Darasani wamo watoto wa wote wawili.

Kosa la tatu ni kufundisha viwango badala ya njia. Amri za mishahara hubadilika baada ya miaka michache. Mtoto aliyekariri kiwango atakuwa na habari iliyopitwa na wakati, lakini aliyejua kuuliza "kiwango kimebandikwa wapi, na kimehesabiwaje?" atakuwa na swali la kudumu nalo.

Hitimisho

Wahenga walisema, mgala muue na haki yake mpe. Ikiwa hata adui hanyimwi haki yake, sembuse mtu aliyetujengea darasa. Watoto wetu wengi watakuwa waashi, maseremala na wasaidizi wao. Wachache watakuwa wakandarasi, na wachache zaidi watakuwa wenye kutia sahihi mikataba. Asilimia na wastani tuwafundishe wote kwa uzito uleule, ili wa kwanza waweze kuuliza na wa mwisho waweze kujibu. Na mwanachuo atakayekabidhiwa daftari la mahudhurio katika shule yake ya kwanza akumbuke kwamba kila mstari anaouandika ni chakula cha nyumba fulani.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa mifano tofauti baina ya kima cha chini na ujira ulioenea.
2. Tunga mfano wa mafundi 20 ambao hatua ya pili na hatua ya tatu zinatoa majibu mawili tofauti. Onyesha tofauti hiyo kwa wiki ya siku sita.
3. "Fedha ya umma ijenge vyumba vingi iwezekanavyo, kwa bei ndogo iwezekanavyo." Toa hoja za kuunga mkono na za kupinga.
4. Mwanafunzi wako amesema darasani jambo linalomhusu mzazi wake na fedha. Eleza utakalofanya dakika ileile, jioni yake, na kesho yake.
5. Chora orodha ya malipo inayofaa kwa ujenzi wa choo cha shule, kisha ueleze kwa nini kila safu inahitajika.